Sekunde Moja, Picha Kumi na Mbili

Kichwa cha kaka yake kilikatika kwa mara ya nne siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, na Ticha akasema kosa ni la shingo.

"Umeisuka kwa waya mmoja," alisema huku akikiokota kichwa chini ya meza na kukipuliza vumbi. "Mtu wa kupigwa hivi anataka nyaya tatu. Na fundi wa nyaya humu ndani ni wewe, mimi mchoraji tu."

Kichwa kilikuwa na ukubwa wa limau. Kilifinyangwa kwa udongo laini wa kuchezea watoto, kikakatiwa kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Mwili uliobaki umesimama mezani ulikuwa waya wa shaba uliozungushiwa sponji na kuvalishwa jaketi la jinzi lisilozidi kiganja. Mwanasesere huyo alikuwa Radi, msanii wa rap, aliyeuawa miezi saba nyuma mchana kweupe, mbele ya watu wasiopungua mia. Aliyemfinyanga ni mdogo wake.

Mdogo huyo wanamwita Koili. Ana miaka ishirini na sita na kazi yake ni kusuka mota. Pampu ya maji ikiungua, au mashine ya kusaga, huletwa kwake. Hung'oa waya uliogeuka mkaa, huhesabu ulikuwa umezunguka mara ngapi, kisha husuka mpya kwa idadi ileile. Mizunguko ikipungua mitano, mota inanguruma. Ikipungua ishirini, inawaka moto. Kazi hiyo imemfanya mtu wa kuhesabu: ngazi anazopanda, vifungo vya shati la mteja, mapigo ya ngoma kwenye wimbo. Mama yake husema mtoto huyu alipozaliwa hakulia, aliwahesabu wakunga.

Alikwenda kwa Ticha kujifunza kutengeneza filamu fupi kwa sababu moja. Alitaka dakika tatu za wanasesere, zikiongozwa na ubeti wa mwisho wa Radi, zioneshwe siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Lakini kabla ya siku hiyo kulikuwa na nyingine. Baada ya wiki tatu, mtu anayeitwa Msumari angepandishwa kizimbani kwa kumuua Radi, na shahidi wa kwanza angekuwa Koili. Maelezo aliyoyatoa polisi yana sentensi kumi na moja. Ya saba inasema: "Nilimwona kwa macho yangu Msumari akimpiga kaka yangu kichwani kwa chuma." Aliisema bila kusitasita. Aliiamini.

*

Duara la rap, alikopigwa Radi, lilikuwa nyuma ya ghala la rangi, kwenye lami ya kuegesha malori, kila Jumapili kuanzia saa tisa hadi jua linapopoa. Spika mbili, maikrofoni moja, na ukuta mrefu ambao wachoraji waliupamba kwa majina yao katika herufi nene zilizoumuka kama mikate. Anayetaka kurap huingia katikati, anayetaka kucheza huingia naye.

Koili hakuwa na sauti, alikuwa na mwili. Mtindo wake wachezaji wanauita animesheni: unacheza kama mwanasesere wa kwenye filamu aliyepigwa picha mojamoja, unaruka kutoka pozi hadi pozi kana kwamba picha za katikati zimepotea. Radi akitaja bomba, Koili anakuwa bomba linalovuja, tone kwa tone. Akitaja askari, Koili anageuza shingo kwa vipande vitano huku macho yamebaki palepale. Watu walikuja kumsikiliza kaka wakaondoka wanamwigiza mdogo, na Radi hakuona wivu. "Mimi ndiye redio," alikuwa akisema, "huyu ndiye televisheni."

Duara lilikuwa na sheria moja. Unaweza kumtukana mtu yeye, ukoo wake na viatu vyake, ila kidole chako kisimfike.

Wiki nzima kabla ya Jumapili ile kulikuwa na maneno kwamba kundi la Msumari linakuja na minyororo. Binamu, mtoto wa mjomba wao, dereva wa gari la mikate, mtu mwenye mabega ya kubeba gunia bila kuinama, alimwambia Koili: "Usije mikono mitupu." Koili aliweka kwenye begi shafti ya pampu, chuma cha duara chenye urefu wa mkono mpaka kiwiko na uzito wa kilo mbili. Begi lilikaa kando ya spika na Binamu akalikalia.

Msumari alianza:

*Wanakuita Radi, mbona hujawahi kuunguza?*
*Kelele za mabati tu, mvua yenyewe ya kupuliza.*

Watu wakapiga mluzi. Radi alisubiri wanyamaze. Alijua kusubiri.

*Msumari bila nyundo ni takataka ya njiani,*
*unamchoma mtu mguu, hushiki hata ubaoni.*

Hapo duara likapasuka. Watu walirukaruka, walikumbatiana, mmoja alivua kiatu akakirusha juu. Badala ya kujibu kwa mistari, Msumari alisogea. Alinyoosha kidole, akaligusa kovu la Radi juu ya nyusi.

"Hili alikuchora nani? Mama yako?"

Radi alimpiga maikrofoni mdomoni. Maikrofoni ilikuwa imewashwa, kwa hiyo jino la Msumari lilivunjikia kwenye spika, na watu waliosimama nyuma kabisa walilisikia vizuri kuliko waliokuwa mbele.

Yaliyofuata hayakufika dakika mbili. Minyororo ilikuwepo kweli. Mpiga muziki alipigwa kwa waya wa spika yake mwenyewe hadi sikio likachanika. Mtu mmoja aling'atwa shavuni. Koili alipigwa mkanda wa suruali, upande wa bakoli, chuma cha kufungia, juu ya mdomo, akaangukia ubavu. Kutoka chini aliona miguu mingi na kati ya miguu aliwaona Radi na Msumari wamesimama kifua kwa kifua. Kiatu cha mtu kikamkanyaga uso. Alifumba macho, akafumbua. Radi alikuwa anaanguka. Shafti ilikuwa inabingirika kwenye lami. Ilikuja ikatulia kwenye goti lake.

"Msumari ameua!" Sauti ya Binamu. "Msumari ameua! Msimwache!"

Hawakumwacha. Walimvuta kwa miguu hadi kwenye ukuta wa michoro. Walitumia matofali, kreti la soda, na kinara cha chuma cha kusimamishia maikrofoni. Jicho la kulia lilimtoka kwa pigo la kinara. Koili aliinuka na damu mdomoni akaenda naye kupiga. Alipiga mateke manne. Idadi anaikumbuka kwa sababu zilizokwisha kutajwa.

Radi alifia njiani, kwenye gari la mikate la Binamu, katikati ya trei tupu.

*

Chumba cha Ticha kiko juu ya duka la fotokopi. Madirisha yamezibwa kwa karatasi nyeusi, maana jua likisogea kidogo picha ya tano haitafanana na ya nne. Taa mbili za mezani, kamera moja iliyokazwa kwa boliti kwenye ubao, na kamba iliyofungwa kuizunguka meza ili mtu asiipige kumbo. Wanafunzi walikuwa saba, akiwemo msusi wa nywele aliyetaka kutengeneza filamu ya vitana vinavyooana. Ticha mwenyewe ni mwanamke wa makamo anayechora vitabu vya shule, mkali, anayetafuna ubani wa bazoka mchana kutwa na kupasua povu lake mtu anapokosea.

Hesabu yake ilimfaa Koili. Sekunde moja, picha kumi na mbili. Sogeza mwanasesere, ondoa mkono, piga picha. Sogeza, ondoa, piga. Sekunde nzima inaweza kula saa nzima.

"Na katika kila picha," Ticha alisema siku ya kwanza, "kila mkono uko mahali fulani. Hakuna mkono unaokwenda msalani."

Kuhusu mapigo alikuwa na maelekezo mawili. La kwanza: kabla mwanasesere hajarusha kitu mbele, iwe ngumi au kichwa, mrudishe nyuma kwanza kwa picha mbili, la sivyo pigo litaonekana la karatasi. La pili: pigo lenyewe usilipige picha. Piga ya kabla, piga ya baada. Jicho litalijaza la katikati.

Koili alifuata. Shingo ya nyaya tatu ilikaza. Aliwasimamisha Radi na Msumari kifua kwa kifua kama alivyowaona, mikono miwili ya Msumari kwenye kola ya jaketi. Akapiga picha ya kabla. Akakivunja kichwa cha Radi upande, magoti yakalegea, akapiga picha ya baada. Ijumaa Ticha alikionesha kipande kwenye ukuta. Kilikuwa cha sekunde moja tu.

"Mama yangu, amempiga!" msusi alipiga kelele akafunika mdomo.

"Nani?" Ticha aliuliza.

"Si huyo Msumari."

"Kwa mkono gani?"

"Ticha naye! Kwa mkono wa..." Msusi aliinuka akausogelea ukuta.

Ticha alirudisha kipande polepole. Picha ya tano, mikono miwili kwenye kola. Picha ya nane, mikono miwili kwenye kola. Povu la bazoka lilipasuka.

"Simlaumu mtu," alimwambia Koili. "Huo ndio ujanja wenyewe. Umeficha pigo, jicho likatafuta wa kumbebesha. Limemchukua aliyekuwa mbele."

Darasa lilicheka. Koili alikuwa anatazama ukutani. Alikuwa amefumba macho picha ngapi, pale chini, kiatu kikiwa usoni? Mbili? Tatu?

"Nitamtoa mkono mmoja kwenye kola," alisema. "Nimpe chuma."

"Mpe. Akakichukue wapi?"

"Kwenye begi."

"Begi liko wapi?"

Begi lilikuwa kando ya spika. Alikuwa ameipima lami ile kwa hatua zake kabla ya kuchora ramani ya filamu: hatua sita kutoka walipokuwa wameshikana, nyuma ya mgongo wa Radi. Tangu kidole kilipoligusa kovu, Msumari hakuwahi kuachana na Radi hata kwa hatua moja. Binamu ndiye aliyewaambia polisi kwamba Msumari alikwapua chuma kwenye begi, na Koili aliyapokea maneno hayo kama mtu anavyopokea maji akiwa na kiu.

"Hujui mikono ilikuwa wapi," Ticha alisema. "Kwa kufikiri hutajua. Si unacheza wewe? Simama ucheze."

Kwa miezi saba hakuwa amecheza. Alisimama kwenye nafasi kati ya meza na mlango. Alicheza Msumari kwanza: mikono miwili mbele, vidole vimekunja nguo. Pozi, tulia. Pozi, tulia. Wanafunzi waliacha kucheka. Kisha akacheza Radi. Radi hakuwa mtu wa ngumi. Tangu utotoni ugomvi wake wote aliumaliza kwa paji la uso, na hata kovu lile lilitokana na meno ya mtu. Kwa hiyo mikono ikishikwa, kichwa kinakwenda mbele. Na ili kiende mbele...

Koili alirudisha kichwa nyuma. Picha moja. Picha mbili. Akabaki hapo, shingo imepinda, macho kwenye dari, kisogo chake mahali ambapo sekunde moja nyuma kulikuwa na hewa tupu juu ya bega.

Daktari aliyeukagua mwili wa Radi alisema pigo lilikuwa la kisogoni, upande wa kulia.

Mtu anayetoka nyuma, anayemlenga Msumari usoni kwa kupitishia chuma juu ya bega la Radi, angekutana na nini katika picha ile?

"Umeganda," Ticha alisema. "Endelea."

"Ndiyo mwisho," Koili alisema.

*

Hakwenda polisi. Siku mbili alisuka mota moja na kuibomoa, kuisuka na kuibomoa. Binamu hakuwa mtu wa mbali. Tangu msiba, kila alfajiri aliacha mikate miwili mlangoni kwa shangazi yake. Alibadilisha mabati yaliyovuja. Alimpeleka mama hospitali presha ilipopanda na kumsubiri kutwa nzima kwenye benchi. Koili alitaka jambo moja, Binamu aseme mwenyewe.

Jumatatu adhuhuri Binamu alipita karakana na koti lake jeupe la mikate. Jirani, fundi wa mageti, alikuwa anakata chuma, kwa hiyo walizungumza kwa kupaza sauti kama watu wanaogombana kabla hawajaanza kugombana.

"Binamu, nani aliitoa shafti kwenye begi?"

"Nini?"

"Shafti! Nani aliitoa?"

"Si nilishakwambia. Msumari."

"Msumari hakufika kwenye begi. Begi ulilikalia wewe."

Binamu alicheka. "Umeanza kunusa vanishi?"

"Ulikuwa unamlenga yeye. Radi akarudisha kichwa apige. Ni picha mbili tu, Binamu. Sehemu ya sita ya sekunde."

Msumeno wa jirani ulinyamaza. Binamu aliketi juu ya mota kubwa ya kinu na kutazama viganja vyake.

"Mkono ulikuwa umeshatoka," alisema. "Ungeuzuia wewe?"

"Nisingeweza."

"Basi."

"Basi sema hivyo. Sema ilikuwa bahati mbaya."

"Nimwambie nani? Shangazi? Nimwambie huyu unayekula mikate yake ndiye..." Alifuta viganja kwenye koti. "Na yule mshenzi alikuja na minyororo. Alilitaka mwenyewe."

"Amepoteza jicho. Watamfunga maisha."

"Wamfunge. Na wewe mateke yako umeyasahau? Chuma kilitoka karakana ya nani? Kwenye begi la nani?"

"Yote nitayasema," Koili alisema. "Na mateke."

Binamu aliinuka. Alifunga mlango wa bati taratibu, kama mtu anayezuia upepo. Ngumi ya kwanza ilimpata Koili kwenye mbavu, ya pili kwenye mbavu zilezile. Alipoinama alishikwa shati kwa nyuma na kuburutwa hadi kwenye benchi lenye jiliwa, lile dude la taya mbili za chuma la kubania vyuma vinapokatwa.

"Hao wanasesere wako unawasogeza kwa mkono gani?"

Hakukuwa na haja ya jibu, maana mkono wa kulia wa Koili ulikuwa tayari umekwenda nyuma ya mgongo kujificha. Binamu aliutoa huko. Aliviweka vidole vinne kati ya taya, akalalia kiwiko cha Koili kwa kifua chake chote, akashika mpini. Jirani aliwasha msumeno tena. Mpini ulizunguka mara tatu na nusu. Koili alihesabu. Kwenye mzunguko wa pili kidole kidogo kililia kama kijiti kikavu. Kwenye wa tatu hakuweza kutofautisha kipi kinalia.

Jasho la Binamu lilikuwa linamdondokea shingoni. Huenda halikuwa jasho tupu.

"Nakupenda, mjinga wewe," Binamu alimwambia sikioni. "Usinifanye nirudi."

Kabla ya kutoka aliiokota simu ya Koili akaipondaponda kwa nyundo, akidhani filamu imo. Ndani yake mlikuwa na picha za mota na namba za wateja.

Nyumbani Koili alisema mota imembana. Mama yake, ambaye ameshona nguo miaka thelathini na kujitoboa kidole kwa sindano mara zisizohesabika, aliitazama bandeji, akamtazama mwanawe, akasema "Pole, baba." Kesho yake alfajiri mikate miwili ilikuwa mlangoni kama kawaida.

*

Jumamosi alimwomba mama amsindikize kwa Ticha.

"Imebaki sekunde moja, Mama. Nina mkono mmoja, tena wa kushoto. Nitakuelekeza."

Angeweza kumwambia jikoni. Alijaribu mara tatu, na mara zote tatu alichomwambia ni kwamba chumvi imekwisha.

Mama alipanda ngazi na mkoba wake, akawasalimu watu wote, akamuuliza Ticha kwa nini anaishi gizani kama popo. Wanasesere aliwajua. Jaketi la Radi alilikata yeye kutoka kwenye mkono wa jaketi lenyewe, lile la siku ile, baada ya kulifua mara tano. Fulana ya Msumari aliishona huku akimlaani. Koti dogo jeupe la Binamu alilishona kwa mapenzi, akalitia na mifuko miwili.

"Huyu Binamu," Koili alisema, "msimamishe hapa, nyuma ya Radi. Chuma mkononi."

"Alikwenda kumsaidia," mama alisema.

"Ndiyo, Mama."

Mama alimsogeza mwanasesere kama anavyopeleka kitambaa chini ya sindano, kidogo, bila kukivuta. Ticha alipiga picha. Moja. Mbili. Tatu, mkono wa Binamu unapanda. Nne.

"Sasa kichwa cha Radi. Kirudishe nyuma kidogo."

"Anataka kumpiga kichwa," mama alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba akamcheka mwanawe mkubwa. "Hakukoma huyu."

Tano. Sita.

"Mkono wa Binamu. Mbele."

Mama alishika mkono wa waya kwa vidole viwili. Hakuusogeza.

"Mbele kuna mwanangu," alisema.

Ticha alikuwa ameacha kutafuna.

"Mikono ya huyu." Mama alimwonesha Msumari kwa kidevu. "Kwa nini yote miwili iko kwenye kola?"

"Ndivyo nilivyoiona."

Mama alifungua mkoba. Aliitoa kola ya jaketi, ile halisi, aliyokuwa ameikata na kuihifadhi kwenye mfuko wa plastiki bila kumwambia mtu. Aliinyoosha chini ya taa. Ilikuwa imeng'oka kulia na kushoto, sawasawa.

"Hii niliitazama siku nyingi," alisema. "Ingevutwa, ingechanika upande mmoja. Hii imechanwa na uzito. Mtu alikuwa anaanguka, na mwingine amemshika kwa mikono miwili, hajaachia." Akaikunja kola. "Niliiona. Nikasema mimi mshonaji tu, polisi wanajua kazi yao."

Kisha aliurudia mkono wa waya, akausogeza mbele mpaka chuma kikagusa kisogo cha udongo. Udongo ukabonyea.

"Piga," alimwambia Ticha.

Ticha alipiga picha ile ambayo yeye mwenyewe hufundisha isipigwe. Wakaendelea hadi ya kumi na mbili. Mama hakuruhusu hata moja irukwe.

Walipomaliza alimgeukia Koili. "Na vidole?"

"Yeye."

"Chuma alikitoa wapi?"

"Kwangu. Nilikibeba mimi."

Kofi lilimpata kabla hajaliona. Lilikuwa kofi la mkono uliozungusha cherehani miaka thelathini, na mdomo wake ulichanika palepale ulipopasuliwa na bakoli.

"Hilo la chuma," mama alisema. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka, ukamfuta damu kwa ncha ya khanga.

Alimchukua mwanasesere mwenye koti jeupe, akakata uzi kwa meno, akamvua. Mwanasesere alibaki waya na sponji. Koti alilikunja mara mbili akalitia mkobani. Halafu aliomba simu ya Ticha na kumpigia kaka yake. "Kaka, mtoto wako mikate yake isije tena kwangu," alisema. "Sababu atakwambia mwenyewe. Asipokwambia leo, utaisikia kwa polisi."

*

Mpelelezi wa kesi ile ni mtu mwenye tai fupi na faili nyingi. Aliitazama filamu mara mbili, akasema wanasesere hawawezi kuapa mahakamani. Koili alisema anajua, ndiyo maana amekuja mwenyewe. Alisimama katikati ya ofisi, kati ya kabati na meza, akaicheza ile sekunde mwili mmoja baada ya mwingine: Msumari, Radi, Binamu, na mwisho yeye mwenyewe aliyelala chini, macho yamefumbwa. Katika kila pozi alitulia mpaka mpelelezi amalize kuandika. Askari wawili walikuja kusimama mlangoni. Mmoja alianza kucheka, kisha akaacha.

"Unajua unajichimbia?" mpelelezi aliuliza. "Maelezo ya kwanza yalikuwa ya uongo. Umebeba silaha. Umempiga mateke mtu aliyelala."

"Manne," Koili alisema.

"Manne." Aliandika. "Kwa hiyo unataka tufute nini?"

"Sentensi ya saba."

"Hapa hatufuti, bwana. Tunaandika nyingine chini yake."

Ziliandikwa kumi na tisa. Mpelelezi alizisoma kwa sauti, akageuza karatasi, akamsogezea kalamu. Koili aliitazama kalamu, kisha bandeji. Mpelelezi alivuta kibati cha wino.

"Gumba la kushoto," alisema. "Bonyeza, usisogeze."

Karatasi iliteleza chini ya gumba. Mama aliinuka kutoka kwenye benchi la ukutani, akaishika karatasi pande mbili kwa vidole vyake, akaikaza kama kitambaa chini ya sindano.

"Haya," alisema. "Bonyeza."